Tshopo: Okapi wa kwenye kompyuta na okapi wa barabara ya Buta

Barabara ya taifa namba 4 inatoka Kisangani, inavuka mto Tshopo na kuelekea kaskazini. Baada ya kilomita 50 hivi inafika Bengamisa, wilayani Banalia. Mbele yake kuna Banalia yenyewe, kwenye mto Aruwimi, kisha Buta. Wenyeji wanaijua barabara hii kwa mihogo, ndizi, mchele, makaa na nyama ya pori, vitu vinavyoteremka kila siku kwenda masoko ya Kisangani.

Mnyama mmoja wa misitu hii amesafiri mbali kuliko hayo yote. Okapi, ambaye leo makao yake ya asili yako Congo tu, anatunzwa na vijana wa Ulaya, Marekani na Asia ndani ya kompyuta. Wanamjengea uzio, wanamtafutia mwenzi, wanahesabu umri wake. Yuko katika Planet Zoo, mchezo wa kujenga bustani ya wanyama, tangu siku ulipoanza kuuzwa, tarehe 5 Novemba 2019. Bonobo, ndugu yake wa ng'ambo ya mto, yumo pia.

Michezo ya aina hii ina zaidi ya miaka ishirini, na kila toleo jipya limewapa taabu waliopenda lile la zamani. Taabu hiyo inawahusu pia watu wa Tshopo, kwa sababu bustani za wanyama za kweli zilipita njia ileile, na okapi waliolipa gharama ya mafunzo hayo walitoka kwenye barabara hii.

Bustani ya vimraba

Mchezo uliowavuta wengi wa kwanza unaitwa Zoo Tycoon. Ulitengenezwa na kampuni ya Blue Fang Games ya Marekani, na Microsoft ikauweka sokoni mwaka 2001. Mchezaji alikuwa akitazama bustani yake kutoka juu, kama mtu aliyepanda mti. Ardhi ilikatwa katika vimraba. Alichagua kimraba, akaweka uzio, akapaka majani au mchanga, akamshusha simba au tembo, kisha akangoja wageni walipe kiingilio.

Kanuni zake zilikuwa za hesabu. Kila mnyama alitaka kiasi fulani cha majani, cha udongo, cha mawe na cha miti. Mchezaji akipatia kiasi hicho, sura ndogo ya kijani inayocheka ilitokea juu ya kichwa cha mnyama. Wengi walikariri hesabu hizo kama wanafunzi wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Na aliyechoka kujenga aliweza kufungua uzio wa simba na kutazama wageni wakishambuliwa. Utundu huo ndio wengi wanaokumbuka hadi leo wakiutaja mchezo ule.

Ulikuwa mchezo mwepesi, wenye furaha, na ulitosha kwenye kompyuta za wakati huo. Lakini mnyama ndani yake alikuwa karibu sawa na kiti: kitu cha kuwekwa mahali panapofaa ili kilete feza.

Toleo la pili lilipokuja

Novemba 2004 ikatoka Zoo Tycoon 2. Waliolizoea toleo la kwanza walijikuta wageni ndani ya bustani yao wenyewe.

Vimraba vilitoweka. Bustani sasa ilikuwa na urefu, upana na kina, na mchezaji aliweza kushuka chini na kutembea kwa miguu kati ya wageni, akasimama mbele ya uzio uso kwa uso na mnyama. Hesabu za majani na mawe zilizokaririwa kwa miaka hazikusaidia tena, kwani mchezaji alipaka mazingira mazima kwa mkupuo mmoja: msitu wa mvua, mbuga ya nyasi, jangwa. Hakuweza pia kununua mnyama yeyote kwa sababu ana feza tu. Bustani ilipewa nyota kulingana na sifa yake, na wanyama adimu walingoja nyota za kutosha. Na simba akitoka, wageni walikimbia, lakini hawakuliwa.

Malalamiko yalikuwa mengi. Wapo waliosema wamenyang'anywa mchezo wao. Wapo waliorudi kwenye toleo la kwanza na kubaki huko. Ni kama mwendesha toleka wa Kisangani aliyepewa pikipiki: siku za mwanzo miguu yake bado inatafuta pedali, naye anaapa kwamba baiskeli ilikuwa bora.

Waliovumilia waligundua kwamba ugumu haukuwa kwenye vitufe. Ulikuwa kwenye macho. Kutoka juu, mchezaji alikuwa akitazama bustani. Kutoka chini, alianza kutazama mnyama. Aliona kama amechoka, kama yuko peke yake, kama anazunguka bila kitu cha kufanya, kama hana pahali pa kujificha na macho ya watu. Mambo hayo yote sasa yalikuwa na kipimo chake, na yasipotimizwa mnyama hakutulia hata kama uzio ulikuwa mzuri namna gani.

Kompyuta inapotunza ukoo

Blue Fang ilifunga milango mwaka 2011. Microsoft iliipa kazi kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, ambayo ilitengeneza Zoo Tycoon nyingine mwaka 2013. Miaka sita baadaye Frontier ikatoa mchezo wake yenyewe, Planet Zoo. Kwa jina si toleo la tatu, lakini wachezaji wengi waliuchukua kama mrithi wa kweli.

Hapa mazoea yalivunjika tena. Kila mnyama wa Planet Zoo ana jeni zake: za ukubwa, za urefu wa maisha, za uzazi, za kinga dhidi ya magonjwa. Mchezaji akiacha ndugu wazaane wenyewe kwa wenyewe, vizazi vinavyofuata vinadhoofika. Wanyama wanazeeka na kufa. Wageni wakiona mnyama anateseka, waandamanaji wanaingia na mabango. Na katika namna moja ya kucheza, ile inayohitaji intaneti, wanyama wanabadilishwa kati ya wachezaji wa dunia nzima kwa alama za uhifadhi. Alama hizo mchezaji anazipata, kati ya njia nyingine, kwa kumwachilia mnyama arudi porini.

Mtu aliyezoea kujaza bustani haraka haraka alijikuta anafanya kazi ya karani wa ukoo. Nani mtoto wa nani? Nani asiwekwe pamoja na nani? Nani amezeeka, na nani wa kumrithi? Wengi walilalamika kwamba hawamalizi kujenga kwa sababu muda wote wanawahangaikia wanyama.

Malalamiko hayo, kila mara, yanafanana. Kila toleo linampunguzia mjenzi uhuru wake na kumwongezea mnyama haki. Ndiyo maana linauma.

Toleo la kwanza la kweli lilianzia Buta

Wambuti na majirani zao walimjua okapi tangu zamani. Wanasayansi wa Ulaya walimpa jina lao mwaka 1901, baada ya Harry Johnston kupeleka London ngozi na mafuvu kutoka misitu ya Congo. Kwanza walimweka katika ukoo wa punda kwa sababu ya milia ya miguuni, kisha wakatambua kwamba ni jamaa wa twiga.

Baada ya hapo kila bustani kubwa ilimtaka. Buta, mbele ya Bengamisa kwenye barabara ileile, ikawa mlango. Mwaka 1919 okapi wa kwanza aliye hai alifika Antwerp, Ubelgiji, akitokea huko. Alikufa baada ya majuma machache tu. Wamisionari wa Buta, na hasa Bruda Joseph Hutsebaut, walijifunza kulea okapi wadogo na kuwazoeza kuishi na watu. Mwaka 1928 okapi aitwaye Tele alipelekwa Antwerp, na huyo aliishi miaka mingi. Mwaka 1937 mwingine, aliyeitwa Congo, alifika bustani ya Bronx mjini New York, akawa okapi wa kwanza kuonwa katika bara la Amerika.

Kila mmoja wa waliofika alitangazwa kwa shangwe. Lakini ujuzi wa kumtunza ulikuwa mdogo. Okapi hutoka msituni na minyoo yake tumboni. Porini anatembea eneo kubwa na hali mara kwa mara pale anapotupa kinyesi, hivyo minyoo haimzidi nguvu. Akifungwa mahali padogo, anaimeza tena na tena hadi inamwua. Msituni anachagua majani ya aina zaidi ya mia moja. Kwenye banda anapewa anacholetewa. Safari ndefu za meli, na baadaye za ndege, zilimtesa mnyama huyu anayeogopa kelele.

Hilo lilikuwa toleo la vimraba. Uzio upo, mnyama yupo, wageni wanalipa. Na mnyama akifa, mwingine anaagizwa kutoka Congo.

Kisha hesabu ikabadilika

Tangu mwaka 1933 okapi analindwa na sheria, na kumkamata kulihitaji ruhusa. Kadiri miaka ilivyopita, bustani zililazimika kujifunza kuzalisha walionao badala ya kungoja wapya. Mtoto wa kwanza wa okapi kuzaliwa Ulaya alizaliwa Antwerp mwaka 1954, lakini hakuishi. Mwaka 1957, Paris, mmoja alizaliwa na kukua.

Kazi iliyofuata ni ileile inayowachosha wachezaji wa Planet Zoo. Bustani ya Antwerp inatunza daftari la ukoo wa okapi: baba, mama, tarehe, mahali. Okapi anahamishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa sababu daftari linasema damu yake inahitajika huko, wala si kwa sababu mkurugenzi fulani anamtaka. Bustani moja haina tena okapi “wake” kwa maana ya zamani.

Nchini Congo, Epulu ikawa kiungo. Ukirudi Kisangani kutoka Bengamisa na kuifuata namba 4 upande wa mashariki, kupitia Bafwasende na Niania, unafika huko, mkoani Ituri. Mwaka 1952 kituo cha kukamata okapi kiliwekwa pale. Mashimo yaliyofunikwa kwa majani yalichimbwa kwenye njia za mnyama, na Wambuti ndio waliojua njia hizo ziko wapi. Mwaka 1987 mradi wa kuhifadhi okapi ulianzishwa kwa ushirikiano na serikali. Mwaka 1992 Hifadhi ya Okapi ikatangazwa, ikiwa na kilomita za mraba zaidi ya 13,000, na mwaka 1996 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Okapi wa kituo cha Epulu walikuwa wakikatiwa majani mabichi msituni kila siku. Ilikuwa kazi ya watu wengi, na ilihitaji ujuzi wa miti ambao haupatikani katika kitabu cha mchezo.

Tarehe 24 Juni 2012, waasi wa Mai-Mai Simba waliokuwa chini ya Morgan waliivamia Epulu. Waliua watu, wakiwemo walinzi wa hifadhi, wakachoma majengo na kuwapiga risasi okapi wa kituo. Okapi wote 14 walipotea. Mwaka uliofuata, 2013, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimweka okapi katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Sababu zilizotajwa ni pamoja na makundi ya silaha, uwindaji, uchimbaji madini na kupungua kwa msitu.

Hakuna mchezo wa kompyuta wenye kanuni ya namna hiyo. Mchezaji anayepoteza okapi 14 anafungua bustani yake aliyoihifadhi jana na kuendelea.

Bustani ya Kisangani

Kisangani nayo ina bustani ya wanyama, karibu na mto Tshopo. Iliachwa na ukoloni, na wazee wa mji bado wanaisimulia kama mahali pa matembezi ya siku ya Mungu. Kisha zikaja vita. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya Kisangani, na eneo la daraja la Tshopo lilikuwa kati ya sehemu zilizopata kipigo kikubwa. Miaka ya vita na ya kukosa matunzo imeiacha bustani hiyo na kivuli tu cha jinsi ilivyokuwa.

Kila inapozungumzwa habari ya kuifufua, swali la kwanza linalosikika ni la mchezaji wa mwaka 2001: tutaweka wanyama gani, na wageni watalipa ngapi? Swali la toleo la pili ni lingine. Nani atakata majani kila asubuhi? Daktari wa mifugo atalipwa na nani mwezi umeme unapokatika na wageni hawaji? Mnyama anatoka wapi, kwenye daftari la ukoo au kwenye mtego wa mwindaji aliyepita Bengamisa usiku?

Hilo la mwisho ni zito kuliko yote. Bustani inayonunua nyani mtoto au chui mdogo kwa anayemleta barabarani, hata kwa huruma, inafungua soko. Mwindaji atarudi kesho na mwingine, na kwa kila mtoto anayeletwa hai, mara nyingi mama yake ameachwa amekufa msituni.

Watu wa kujibu maswali hayo wapo. Chuo Kikuu cha Kisangani kilianza mwaka 1963 na kimefundisha wanabiolojia wengi. Mji una Kituo cha Uchunguzi wa Bioanuwai. Karibu na Kisangani kuna msitu wa Masako, ambao wanafunzi wake wanauchunguza kwa miaka mingi. Bengamisa yenyewe ina chuo cha juu cha kilimo. Elimu ya kutunza mnyama haihitaji kuagizwa yote kutoka ng'ambo.

Kijiji kisichomo mchezoni

Kijana wa Bengamisa anayechaji telefoni yake kwenye paneli ya jua hawezi kucheza Planet Zoo. Mchezo unadai kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwa uchache, na 16 ili uende vizuri. Unataka umeme usiokatika na, kwa namna ya kucheza na wengine, intaneti ya kudumu. Hivyo anayeishi karibu zaidi na msitu wa okapi ndiye aliye mbali zaidi na okapi wa kwenye kioo.

Angeweza kuucheza, angeona haraka kitu kinachokosekana. Wamo wanyama, watunzaji, madaktari, wageni, hata waandamanaji. Hakuna mwanakijiji. Mchezaji anabonyeza kitufe cha kumwachilia okapi porini, mnyama anatoweka, alama za uhifadhi zinaingia kwenye akaunti yake. Pori hilo halina mtu. Halina mama anayetafuta shamba jipya la muhogo kwa sababu la zamani limechoka, wala baba anayepima karo ya shule kwa bei ya nyama ya pori, wala mchoma makaa ambaye mteja wake yuko Kisangani.

Kwenye barabara ya Buta pori lina watu, na lilikuwa nao kabla ya Johnston. Okapi hukimbia penye kelele na mashamba mapya. Kila kilomita ya msitu inayokatwa kando ya barabara inamsogeza ndani zaidi. Anayekata hana chuki na okapi. Wengine hawajapata kumwona hata siku moja, isipokuwa kwenye alama ya ICCN au kwa jina la redio ya Umoja wa Mataifa wanayoisikiliza. Anakata kwa sababu hakuna alama zinazoingia kwenye akaunti yake akiuacha mti umesimama.

Sheria ya nchi imeacha mlango mmoja wazi. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii za wenyeji kupewa msitu wao wa kimila kuwa milki ya jamii, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda, na kuusimamia wenyewe kwa mpango unaokubalika. Jamii inaweza kuamua sehemu ya kulima, sehemu ya kuvuna, na sehemu ya kuachia wanyama. Jimbo la Tshopo ni kati ya majimbo ambako jamii zimeitumia. Lakini karatasi zake ni nyingi, ramani zinagharimu, na kijiji kisicho na mtu wa kukisindikiza kinachoka kabla ya kufika ofisi ya gavana.

Wachezaji walihitaji majuma, wengine miezi, kuzoea toleo lililowalazimisha kumtazama mnyama. Bustani za kweli zilihitaji miaka thelathini na kitu, tangu okapi wa mwaka 1919 hadi yule wa Paris, na okapi wengi walikufa katikati. Toleo linalofuata, lile lenye kijiji ndani yake, halijatengenezwa na kampuni yoyote. Likianza, litaanza na mikutano mirefu chini ya mti, machifu wakigombana juu ya mipaka ya babu zao, vijana wakiuliza lini feza itaonekana, na afisa mmoja wa mazingira aliyekuja kwa pikipiki akiandika majina ya mito kwenye daftari. Na kwa barabara ya namba 4, kazi hiyo inaweza kuanza Bengamisa, kabla msitu haujasogea mbali zaidi na barabara.